Kilo Arobaini na Sita

Dar es Salaam
12 Aprili 1997

Kwa Baba yangu mpenzi, Mwalimu Zubeir Pandu, Madungu, Chake Chake.

Assalaam alaykum. Shikamoo Baba. Natumai barua hii itakukuta umekaa kitako kwa raha, na lile goti lako limekupa ruhusa ya kutembea. Mimi mzima, nakula, nalala, na ukiniona utasema nimenenepa, ila ni chapati za bweni tu, usifurahi sana.

Nina habari mbaya na nitaisema upesi kabla sijaogopa. Nimeanguka somo moja. Ni zile difrensho ikwesheni, tena sehemu ya mwanzo kabisa, wanazoziita homojiniasi lineari. Nitaurudia mtihani mwezi wa Septemba, na nikianguka tena narudishwa nyumbani. Mhadhiri anaandika ubaoni huku ametupa mgongo, na anafuta kabla sijamaliza kunakili. Baba, wewe umefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Nifundishe kwa barua, kama ulivyonifundisha kugawanya kwa kokwa za tende.

Jengine ni Shangazi Mwanamize. Mwezi huu anatimiza miezi mitano tangu alipotutoka, na bado naamka asubuhi nikitaka kumwandikia. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki, na mimi sikuwahi kuja kumuaga kwa ajili ya mitihani. Kitu kimoja tu kinanituliza: uliniandikia kwamba uliingia kaburini mwenyewe, ukampokea, ukamlaza. Hakuzaa, mumewe katangulia, na ndugu wa damu aliyembakia ni wewe peke yako. Kila nikikumbuka hilo napata usingizi.

Nisalimie wote wanaokusalimia.

Mwanao,
Mardhiya


Madungu, Chake Chake
27 Aprili 1997

Mwanangu Mardhiya,

Wa alaykumu ssalaam. Marahaba, marahaba sana. Goti linanifikisha msikitini na kunirudisha, zaidi ya hapo linadai mapumziko. Wanaonisalimia ni paka wa jirani na muadhini, na huyo muadhini ni kwa sababu ya kazi yake. Tangu niliposimamia kile kituo cha kura mwaka tisini na tano mtaa mzima umenisusia kwa ajili ya siasa, unajua mwenyewe. Mzee Kificho, ambaye duka lake linatazamana na mlango wangu, haniuzii hata kibiriti. Mchele naufuata Wete. Tuyaache hayo, tufanye hesabu.

Umeanguka kwa sababu umekariri. Funga daftari. Unaikumbuka bembea ya Shangazi yako, ule ubao wa mfenesi uliotundikwa kwa minyororo kwenye ukumbi wake wa nyuma? Ivute, iachie, ondoka zako. Usiiguse tena. Itafanya nini? Itakwenda na kurudi, kila safari pungufu kidogo, mpaka isimame. Hapo pana mambo matatu tu: namna kasi inavyobadilika, msuguano unaofuata kasi, ndiyo k, na mvuto wa kurudi katikati unaofuata umbali y, ndiyo q. Yaweke yote upande wa kushoto uyajumlishe, na upande wa kulia itabaki sifuri, hivi:

y″ + ky′ + qy = 0

Hiyo sifuri ndiyo homojiniasi yako, basi, usitishwe na jina. Maana yake hakuna mkono wa nje. Hakuna anayesukuma. Kitu kinajiendea kwa yale yaliyomo ndani yake na kwa namna kilivyoanza: kilianzia wapi, na kwa kasi gani. Na hilo neno lineari maana yake ni kwamba hapo hakuna aliyepigwa kipeo wala kuzidishwa na mwenzake, kwa hiyo majibu mawili ukiyajumlisha yanatoa jibu jengine lililo sahihi vile vile. Siku ukiona upande wa kulia pana kitu kisicho sifuri, jua kuna mtu anasukuma, na hilo ni somo la mbele.

Kuutatua mlinganyo huo, jaribu e yenye kipeo cha rt. Ukiitafutia kasi yake inabaki ile ile, inazidishwa kwa r tu. Ukitafuta tena, inazidishwa kwa r mara ya pili, inakuwa r². Ifute e pande zote na unabakiwa na r² + kr + q = 0, mlinganyo ambao mtoto wa kidato cha tatu anaufanya huku anatafuna miwa. Mizizi ya bembea ina i, kile kipeuo cha pili cha hasi moja, ndani yake, na hapo ndipo panapotoka kule kwenda na kurudi. Na k ikiwa chanya ndipo panapotoka kufifia. Usisahau na jibu la wavivu, kwamba y ni sifuri siku zote: kilichotulia katikati kitabaki kimetulia. Mimi wanaolisahau nawakata maksi.

Zoezi lako ni la kweli, nimelipima mwenyewe. Sakafu ya ukumbi wa Shangazi yako ina mistari ya saruji, inchi sita kwa inchi sita, na naiona kupitia tundu la ule uzio wa makuti alioupiga katikati ya uwanja wetu. Bembea ilianza mistari minne kutoka katikati. Baada ya safari ishirini na tisa ilifika mistari miwili. Baada ya hamsini na nane, mmoja. Safari moja ni sekunde tatu. Nitafutie k na q, na usimuulize mwenzako.

Baba yako,
Zubeir


Dar es Salaam
18 Mei 1997

Baba yangu kipenzi,

Assalaam alaykum na shikamoo. Mimi sijambo, mvua za huku zimetulowesha mpaka vitabu, lakini leo nina furaha. Sijui goti linasemaje, lipe pole yangu.

Nimepata! Nusu inapotea kila sekunde themanini na saba, kwa hiyo k ni kama 0.016, na q ni kama 4.39. Nimewaonyesha wenzangu wawili bwenini jinsi e inavyojaribiwa, na mmoja kaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia nimesomea Madungu, kwa mwalimu mkali. Baba, sasa naiona. Zamani nilikuwa naona herufi tu.

Lakini lipo swali halimo kwenye zoezi, na nimelala nalo siku tatu. Nyumba ya Shangazi imefungwa tangu alipokufa. Ufunguo unao wewe, na wewe ulikuwa upande wako wa uzio unachungulia tunduni. Ulinifundisha kwamba mlinganyo haujui kitu kilianzaje, lazima mtu auambie. Basi niambie. Nani aliyeivuta hiyo bembea mistari minne?

Mwanao anayekupenda,
Mardhiya


Madungu
2 Juni 1997

Mwanangu,

Wa alaykumu ssalaam, marahaba. Jawabu zako zote mbili sahihi. Nimezipiga alama ya vyema kwa wino mwekundu, hapa hapa mezani, ingawa huioni. Mimi mzima, ila usingizi umekuwa haba.

Nilijua utauliza. Ningekasirika usingeuliza, nawe ni mwanafunzi wangu. Sikutaka kukutisha ndiyo maana nikalifanya zoezi.

Ilianza Ramadhani. Kila siku, watu wakishatoka msikitini baada ya Alasiri, nasikia minyororo ya bembea kule upande wa pili. Nikafikiri upepo. Siku ya nne nikaenda tunduni, na majani ya mpapai wake hayatikisiki hata moja. Ubao umetulia katikati. Nikapepesa jicho, na ubao uko mistari minne nyuma, unakuja. Sikuona ukivutwa, Mardhiya. Unaachiwa tu. Halafu unakwenda wenyewe, unafifia vizuri kabisa kama kitabu kinavyotaka, na hausukumwi tena mpaka kesho yake saa ile ile.

Mimi si mtu wa kukimbilia kwa mganga. Niliingia kwa ufunguo, asubuhi, nikafanya kazi yangu. Unajua msuguano ule ule ukiugawa kwa uzito mkubwa unatoa k ndogo. Kitu kizito kinachelewa kusimama. Hewa tuiache. Nikaushusha ubao nikaupima: kilo kumi na mbili. Nikautundika, nikauvuta mtupu mistari minne, nikauachia. Ulifika nusu kwa safari sita. Nikaweka juu yake gunia langu la mchele la kilo hamsini. Safari thelathini na moja. Unaona hesabu inakaa sawa: kila safari moja ni kilo mbili.

Sasa irudie bembea ya Alasiri. Safari ishirini na tisa. Ni kilo hamsini na nane kwa jumla. Toa ubao.

Napata arobaini na sita. Nimerudia mara kumi na moja siku kumi na moja, na kila siku ni arobaini na sita. Kilichokaa juu ya ubao ule kina uzito huo na hakionekani. Lakini nakuomba uondoe hofu unayoifikiria. Shangazi yako alikuwa mwanamke wa kilo themanini na kitu, unamkumbuka anavyokaa kwenye kiti kikalia. Nilimpokea kwa mikono yangu hii, najua uzito wake. Si yeye.

Soma kwa bidii. Sura ya mizizi inayolingana usiiruke, hupenda kuiuliza.

Baba yako,
Zubeir


Dar es Salaam
30 Julai 1997

Baba,

Assalaam alaykum.

Nimekaa karibu miezi miwili bila kukujibu. Si kwamba barua haikufika.

Bi Moza yuko huku, kaja kutibiwa macho, kafikia kwa mwanawe Ilala. Nilimfuata kumpa mkono kwa sababu ndiye aliyemuuguza Shangazi mpaka siku ya mwisho. Sikumuuliza kitu. Aliniambia mwenyewe, analia, jinsi ugonjwa wa tumbo ulivyommaliza. Alisema wiki mbili kabla ya kufa walimpeleka hospitali wakampandisha kwenye mizani. Anaikumbuka namba kwa sababu nesi aliisema mara mbili. Arobaini na sita.

Nilimwambia, Bi Moza, Baba hakuniambia kama alikonda hivyo. Akanitazama. Akasema, "Baba'ko angejuaje, mwanangu, na hakuvuka hata huo uzio?" Ndipo nikayajua yote. Kwamba watu waligonga mlango wako mara tatu siku ya mazishi na hukufungua. Kwamba waliokwenda Pujini kumzika ni majirani, na aliyeingia kaburini kumpokea ni Mzee Kificho, muuza duka, asiye na hata tone la damu yake. Kwamba alipotoka mle ndani alisema dada wa watu alikuwa mwepesi mpaka yeye aliyembeba akaona haya.

Uliniandikia, "najua uzito wake." Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo. Ungekuwa ulimpokea, ungejua.

Mimi nilikuwa nalala kwa ajili ya uongo wako. Sasa silali. Niambie ukweli, au usiniandikie hesabu tena.

Mwanao,
Mardhiya


Madungu
11 Agosti 1997

Mwanangu Mardhiya,

Wa alaykumu ssalaam. Sina uso wa kukuuliza hali, lakini naiuliza.

Ni kweli yote. Naandika ukweli.

Nilipotoka kwenye kile kituo cha kura, Mwanamize ndiye wa mwanzo kuninyima salamu. Dada'angu, tumbo moja. Akapiga uzio katikati ya uwanja tuliochezea pamoja utotoni. Wengine walinisusia nikavumilia, yeye sikumvumilia. Nikajiapiza, nikasema huyo kwangu kafa. Na kweli akafa, na mimi niliendelea na kiapo changu.

Mwisho wa ugonjwa wake walikuwa wakimtoa ukumbini, wanamkalisha kwenye bembea apate hewa. Bi Moza akienda kusali Alasiri, anabaki peke yake. Nguvu za kushuka hana. Siku tatu aliniita, Mardhiya. Nilimsikia kama ninavyosikia sauti yangu. "Zubeiri, njoo n'teremshe. Zubeiri, nduu yangu, n'teremshe." Nilikuwa nimekaa hatua nane kutoka kwake. Siku ya kwanza nilinyamaza. Siku ya pili nilifungua redio. Siku ya tatu niliipandisha sauti. Siku ya nne hakuita, na walipogonga mlango nikasema kwa sauti, wasikie wote: mlionizika mimi hai nendeni mkamzike wenyewe. Sijui mtu gani duniani anasema maneno hayo kwa maiti ya dada yake. Nilisema mimi.

Halafu nikakudanganya wewe, kwa sababu nilijua ungeniuliza.

Sasa sikiliza, maana hali imebadilika. Tangu ulipoacha kuniandikia bembea haififii. Inaanza mistari minne, safari kumi baadaye ni mitano, halafu sita, halafu saba. Nimeitazama kwa jicho la mwalimu na nimeona: k imegeuka alama. Mlinganyo ni ule ule, kulia ni sifuri ile ile, hakuna anayesukuma. Ila k ikiwa hasi kitu kinakua kwa nguvu ya ndani yake, kila safari zaidi ya ile iliyopita, na hesabu haina mahali pa kukisimamisha. Jana minyororo iligonga boriti ya paa. Mchanga wa dari ulimwagika mpaka upande wangu.

Naogopa, mwanangu. Sijapata kukwambia neno hilo tangu uzaliwe. Njoo nyumbani.

Baba yako


Dar es Salaam
1 Oktoba 1997

Kwa Mwalimu Zubeir.

Assalaam alaykum. Nimefaulu mtihani. Swali la kwanza lilikuwa la bembea.

Sitakuja. Aliyeitwa siye mimi. Ulisikia kwa masikio yako alichokitaka, tena kwa jina lako, na hakutaka hesabu. Miezi tisa umekaa tunduni unampima.

Nakupenda, na nimekasirika, na vyote viwili ni kweli. Nitapokea barua yako ukishafanya. Kabla ya hapo usiandike.

Mardhiya


Madungu
19 Oktoba 1997

Mwanangu Mardhiya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nimefanya. Nakueleza kama yalivyokuwa, bila kupunguza.

Juzi, baada ya Alasiri, niliung'oa uzio kwa mikono nikaingia upande wake. Bembea ilikwisha anza. Inapanda mpaka usawa wa boriti, inarudi na upepo unaonipiga usoni, na nyumba nzima inalia. Nikasimama katikati kabisa, pale inapopita kwa kasi kubwa kuliko pote. Nilisoma shahada kwa sababu nilijua itaniua. Nikanyoosha mikono nikasema, "Mwanamize, mie nimekuja. Teremka."

Ubao ulikuja ukasimama kifuani mwangu. Haukunigonga. Ulisimama tu, na mikononi mwangu mkaingia uzito.

Sioni kitu. Lakini nilikuwa nimembeba mtu, mwanangu, huku shingo na huku mapaja. Nikataka kumlaza pale sakafuni, nikainama, na uzito ukakataa kutoka. Ulinishika. Nikaelewa kwamba hapo sipo alipotakiwa kulazwa. Nikatoka naye mlango wa mbele, nikashika njia ya Pujini.

Wewe unaujua mtaa wetu saa hiyo, watu wote wako nje. Barza nzima iligeuka. Mwalimu Zubeir anapita amenyoosha mikono mitupu, anachechemea, jasho linamtoka. Nilidhani watacheka. Mzee Kificho alikuwa dukani kwake anapima sukari. Miaka miwili hajanipa hata salamu. Aliweka kijiko chini akasema, "Mwalimu, wabeba n'ni?"

Nikamwambia, "Dada'angu."

Alitoka nje ya duka bila kufunga. Akaja mbele yangu, akatia mikono yake chini ya yangu kama mtu anayekusaidia mzigo, nami nikaona uso wake unavyobadilika. Kisha akasema taratibu, wasikie walio barzani, "Ndiye. Ndio uzito wake huu. Mie ndiye niliyempokea."

Hakuna aliyeuliza tena. Walikuja mmoja mmoja, wavaa kofia na wasiovaa, wa chama hiki na wa chama kile, wakapokezana kama wanavyopokezana jeneza. Anayechoka anatoa mikono, mwengine anaitia. Tulikwenda njia nzima tukisoma la ilaha illallah, na waliokuwa na baiskeli walishuka wakasimama kando tukapita. Goti langu silikumbuka kama lilikuwepo.

Tulipofika makaburini kwetu Pujini wote walirudi nyuma, tukabaki mimi na Kificho tumeshika. Akaniambia, "Mara ile niliingia mie. Mara hii ni wewe, Mwalimu." Akaitoa mikono yake.

Nikapiga magoti juu ya kaburi, nikamshusha mwenyewe, mpaka mikono ikagusa udongo. Hapo ndipo aliponiachia. Mikono ilipanda yenyewe, mitupu, na mimi nikalia mbele ya watu wote wa Madungu.

Alikuwa mwepesi, Mardhiya. Sikujua kama alikuwa mwepesi vile.

Baba yako,
Zubeir